CHUMBA CHA CHEREHANI: SOMO KUTOKA MLOLONGO

Mwalimu mlezi wa chama alituambia mwaka huu kila mwanachama aandike juu ya kazi anayoijua kwa mikono yake, si ile aliyoikariri tu vitabuni. Wenzangu wameandika juu ya nyuki, mbuzi wa maziwa na ufundi wa baiskeli. Mimi nimechagua chumba cha kushonea nguo, yaani namna ya kukipanga na kukipamba kwa vifaa, na zaidi ya hayo namna ya kukipata pale ambapo chumba chenyewe hakipo. Nimekichagua kwa sababu karo yangu ya muhula huu imetoka humo. Na wale wanaume wenzangu wa kidato cha tatu wanaonicheka ati kushona ni kazi ya akina dada, hebu watembee kutoka stejini mpaka sokoni wahesabu mafundi waliokaa nyuma ya cherehani. Wengi ni wanaume, tena wana familia.

Kwanza tuelewane kuhusu mahali. Nyumbani kwetu ni Mlolongo, kaunti ya Machakos, kwenye barabara kuu ya Nairobi kwenda Mombasa. Mlolongo ni Kiswahili safi, maana yake msururu, foleni, na inasemekana mji ulipata jina hilo kwa malori yaliyokuwa yakijipanga kungojea mizani. Tangu mwaka 2022 ile barabara ya juu, Expressway, yenye urefu wa kilomita 27, inaanzia hapa kwetu na kuishia Westlands. Magari ni mengi, watu ni wengi, na nyumba ni za kupanga, chumba kimoja au viwili, orofa juu ya orofa. Ukisoma vitabu vya ushonaji vya Ulaya utaambiwa utenge chumba cha ziada chenye madirisha mawili. Chumba cha ziada! Mlolongo chumba cha ziada kina mpangaji wake tayari.

Mama alikuwa na kibanda cha ushonaji kwa miaka sita. Mwaka uliopita, mwezi wa Oktoba, kodi ya kibanda ikapanda ghafla hata ikawa anashona ili alipe kibanda tu. Akafunga. Cherehani mbili, meza, kabati na gunia tatu za vitambaa vikaletwa nyumbani, kwenye vyumba vyetu viwili vya futi 10 kwa 10. Usiku huo mimi na ndugu yangu mdogo tulilala tukiwa tumekunja miguu kwa sababu kabati ilikuwa juu ya nusu ya kitanda. Mama alitueleza mambo bila kuficha: "Nawapa miezi mitatu. Kazi ikirudi kama ilivyokuwa kibandani, sawa. Isiporudi nauza hii cherehani ya pili, na wewe mwanangu utaenda kwa nyanya yako Mwala usome shule ya kutwa huko." Sina ubaya na Mwala, nyanya nampenda. Lakini kuhama shule katika kidato cha tatu ni jambo ambalo kila msomaji wa jarida hili analielewa. Kwa hivyo nilipofunga shule nikaanza kukipanga chumba kile kama mtu anayepanga jibu la mtihani.

Jambo la kwanza, na ninasema la kwanza kwa makusudi, ni mwanga. Watu huanza na cherehani. Mimi nasema anza na mwanga, maana cherehani nzuri gizani haishoni. Dirisha letu linatazamana na ukuta wa ploti jirani, hatua mbili tu, kwa hiyo saa sita mchana chumba ni kama saa moja jioni. Mlango ndio wenye mwanga. Basi cherehani ikawekwa karibu na mlango, tena kwa upande maalumu: mwanga uingie kutoka kushoto kwa anayeshona. Sababu ni hii. Kichwa cha cherehani kimesimama kulia kwa sindano, na mwanga ukitoka kulia kivuli chake huangukia palepale unapotaka kuona. Kuta tukazipaka rangi nyeupe, rangi ya maji ya bei ya chini, na chumba kikazidi kung'aa kuliko tulivyotarajia. Kwa jioni tulifunga balbu ya LED yenye shingo inayopinda, ikatazama sindano. Kipimo chetu cha mwanga si cha kitaalamu. Shona uzi mweusi juu ya kitambaa cheusi cha sketi ya shule. Ukiweza kuhesabu mishono bila kuinama, mwanga unatosha. Usipoweza, ongeza. Macho hayauzwi Gikomba.

Jua lenyewe, hata hivyo, lisiguse vitambaa vilivyowekwa. Kitenge kilichokaa juani miezi miwili kina mstari uliopauka kwenye mkunjo, na mteja atauona kabla yako.

Sasa cherehani. Kwa wapenzi wa lugha, neno hili ni ndugu wa cherehe, lile jiwe la duara la kunolea visu, na yote mawili asili yake ni neno la Kiajemi lenye maana ya gurudumu. Isaac Singer alipata hataza yake Marekani mwaka 1851, na kampuni yake ikauza cherehani dunia nzima kwa malipo ya polepole, hata mwetu jina Singer karibu lichukue nafasi ya neno lenyewe. Yetu moja ni ya miguu, nyeusi, ya chuma kizito, na nyingine ni ya mota. Ningeambiwa nichague moja tu kwa ajili ya Mlolongo ningechukua ya miguu bila kufikiri mara mbili. Stima ikipotea yeye anaendelea kushona, majirani wakilalamika gizani. Ya mota ina kasi na inafaa kazi ndefu kama pazia na shuka.

Ukinunua kuukuu, usidanganywe na rangi. Zungusha gurudumu kwa mkono polepole. Likikwama mahali pamoja kila mzunguko, kuna kitu kimepinda. Tazama yale meno ya chini yanayosukuma kitambaa kama bado ni makali. Kisha toa kikombe cha bobini, kining'inize kwa uzi wake, ukitikise kidogo: kinatakiwa kushuka kiasi na kusimama. Kikianguka mpaka chini, kimelegea. Kisiposogea kabisa, kimekazwa mno. Na hapa kuna jambo linalowasumbua wanafunzi wengi wa ushonaji. Uzi ukifanya vitanzi upande wa chini wa kitambaa, wao hukimbilia bobini, ilhali aghalabu kosa liko juu, kwenye uzi wa juu ambao haukupitishwa vizuri au haukukazwa. Vitanzi chini, tazama juu. Sindano nazo zina namba: 11 kwa vitambaa vyepesi, 14 kwa kitenge na sare za shule, 16 kwa dirili na jinzi. Ubavu bapa wa sindano una upande wake. Ukiigeuza, cherehani inaruka mishono na wewe utalaumu uzi. Sindano butu hujisema yenyewe, kila inapotoboa inalia "tk, tk". Ibadilishe. Mkanda wa ngozi wa cherehani ya miguu hulegea, hasa wakati wa mvua, na dawa yake ni kukata kama nusu inchi na kuuunga tena kwa kile kipini cha chuma.

Vumbi ndilo adui mkubwa wa Mlolongo. Linatoka barabarani, linatoka viwandani, linaingia hata chini ya mlango uliofungwa. Vumbi likichanganyika na nyuzi za pamba na mafuta hufanya tope gumu chini ya meno ya cherehani. Kila jioni mama hufungua kile kibati na kusafisha kwa brashi ya meno iliyostaafu, halafu tone moja moja la mafuta ya cherehani. Nasisitiza, mafuta ya cherehani. Mafuta ya kupikia huganda yakawa kama gundi, na fundi atakayekuja kuifungua mashine atakucheka huku akihesabu pesa zako. Usiku kila cherehani inavishwa shuka kuukuu. Dada mmoja mteja wetu aliuliza mbona mashine zinalala zikiwa zimejifunika kuliko watoto!

Meza ya kukatia ndiyo iliyotupa taabu, kwa sababu meza hiyo inataka urefu na chumba hakina. Mama alikuwa amezoea kukata akiwa ameinama juu ya meza ya chakula, na jioni mgongo ulimuuma mpaka anashindwa kuteka maji. Meza ya kukatia inapaswa ifike kiunoni, inchi 35 au 36 kwa mtu wa kimo cha kawaida, ilhali ya cherehani ni kama inchi 30. Hizi ni kazi mbili tofauti, moja ya kusimama na nyingine ya kukaa. Niliwaza kufunga meza ya bawaba ukutani, ya kukunjwa, lakini mwenye ploti hataki ukuta wake utobolewe hata kwa msumari. Basi kwa fundi seremala tukapata mlango wa flashi uliovunjika pembe moja, aliokuwa hana mteja wake. Mlango una karibu futi saba kwa urefu na pungufu kidogo ya futi tatu kwa upana. Nikatengeneza farasi wawili wa mbao za paleti, mlango ukalala juu yao, na meza ikawa tayari. Usiku mlango unasimama nyuma ya kitanda, farasi wanaingia uvunguni, nasi tunalala miguu ikiwa imenyooka. Kwenye ukingo wa mlango nilichora inchi kwa kalamu ya rangi, kutoka sifuri mpaka 72, nikapaka vanishi juu yake. Sasa mama anapima wari mbili bila kutafuta tepu. Kati ya vitu vyote nilivyofanya humo, hicho ndicho anachokitaja mbele ya wageni.

Kwa kuwa ukuta haukuguswa, vifaa vinakaa kwenye fito iliyosimama ndani ya ndoo ya rangi iliyojazwa saruji, na juu yake zinaning'inia vyondo: kimoja cha uzi, kimoja cha zipu na vifungo, kimoja cha lasi na utepe. Ukambani hatukosi vyondo. Vitambaa vimekunjwa vikasimama kwenye katoni kama vitabu, si kulazwa kimoja juu ya kingine, ili ukivuta cha kati vingine visianguke. Mkasi wa nguo umefungwa kitambaa chekundu kwenye mpini, na sheria ya nyumba ni kwamba ukiutumia kukatia karatasi utaosha vyombo wiki nzima. Pini zilizoanguka tunaziokota kwa sumaku ya spika iliyoharibika. Hii si mapambo. Ndugu yangu ana miaka minne na anatembea bila viatu. Sindano iliyovunjika haitupwi mpaka vipande vyake vyote vionekane, halafu vinaingia ndani ya mkebe wenye kifuniko.

Pasi inahitaji aya yake peke yake, maana ndiyo inayokula tokeni. Mota ya cherehani ya nyumbani inatumia kama wati 100 hivi. Pasi ni wati 1,000 au zaidi. Piga hesabu: pasi ikiwaka mfululizo saa moja, imekula stima ambayo mota ingekula kwa saa kumi. Kwa hivyo mama hapigi pasi kila mshono. Anashona mishono mingi, anaifungua kwa kuikandamiza na mgongo wa kijiko juu ya ubao, halafu jioni pasi inawashwa mara moja, kila kitu kinapigwa kwa mkupuo. Pasi isichomekwe kwenye ekstensheni ile nyembamba pamoja na mota na balbu. Waya ukipata moto chini ya vitambaa, hutakuwa na cha kuandikia jarida. Tunayo pia pasi ya makaa. Hiyo inatumika nje kwenye veranda pekee. Gesi ya makaa haionekani wala hainuki, na chumba chenye mlango uliofungwa kwa sababu ya baridi ni mahali pa kufia.

Tulipodhani tumemaliza, likaja la jirani. Ukuta wetu ni wa mawe membamba na upande wa pili anaishi baba mmoja anayefanya kazi zamu ya usiku kiwandani. Sisi tukianza kushona asubuhi, yeye ndipo analala. Siku ya nne alibisha hodi, macho mekundu. "Mama, samahani. Mimi sina ubaya, lakini hiyo mashine inanipiga kichwani." Mama akamjibu, "Pole sana baba, tutaangalia. Ungeniambia hata siku ya kwanza." Akaenda. Lakini sote tulijua kwamba angeweza kwenda kwa keateka badala ya kuja kwetu, na keateka angeuliza ni nani aliyeruhusu biashara ndani ya nyumba ya kulala. Hapo ndipo chumba kizima kingeisha, na mimi Mwala.

Kumbe sauti ya cherehani ya miguu haitoki sana hewani, inapita sakafuni. Miguu ya chuma juu ya saruji hupeleka mtetemo mpaka ukutani. Kwa mafundi wa magurudumu ya malori, ambao Mlolongo hawahesabiki, nilipata vipande vya tyubu kuukuu bure. Nikavikunja mara nne chini ya kila mguu wa cherehani, na cherehani ikasogezwa kutoka ukuta wa jirani kwa upana wa shubiri mbili. Kisha tukabadilisha ratiba. Asubuhi ni ya kukata, kupiga bandi na kutia vifungo, kazi za kimya. Cherehani inaanza saa nane mchana. Yule baba hajabisha tena isipokuwa Desemba, alipoleta suruali mbili zipunguzwe kiuno. Mama alikataa pesa yake. Mimi nilidhani angechukua nusu, lakini ni mkubwa kwangu na anajua majirani kunizidi.

Msomaji, nimetaja kupiga bandi. Usilipite neno hilo haraka. Bandi ni ule mshono mrefu wa mkono, sindano ikizama na kuibuka, wa kushikiza vitambaa kabla ya mshono wenyewe. Lugha yetu ina hazina ya ushonaji ambayo sisi wa bara tunaiacha ioze: subana au kastabini ni kile kikofia cha chuma cha kukinga kidole, mshazari ni kukata kitambaa kwa upande, si kufuata nyuzi zake, jora ni kitambaa kizima kilichoviringwa kikiwa bado hakijakatwa, na mfarishi ni lile tandiko au shuka nene lenye tabaka, lililoshonwa likapitiwa mishono juu yote. Neno mfarishi ndilo lililonifanya nitazame upya yale magunia matatu.

Magunia yale yalikuwa na vipande. Karibu nasi, Athi River, kuna eneo la viwanda vya kuuza nje, EPZ, lililotokana na sheria ya mwaka 1990, na viwanda vya nguo viliongezeka humo baada ya sheria ya AGOA ya Marekani ya mwaka 2000. Mabaki ya kukatia huuzwa kwa gunia, na mama amekuwa akiyanunua kwa ajili ya mifuko na viraka. Chumbani yalikuwa yanakula nafasi ya mtu mmoja mzima. Ama yatupwe ama yawe kitu. Mlolongo iko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na Julai baridi yake si ya mchezo. Nikapendekeza mifarishi.

Kuunga vipande si jambo la kigeni kwetu hata kidogo. Leso yenyewe ilizaliwa hivyo. Katika karne ya 19 wanawake wa Zanzibar na Mombasa walikuwa wakinunua vitambaa vya mkononi vilivyochapishwa, vikiitwa leso kwa neno la Kireno, vikiwa bado vimeungana kwenye jora. Walikata vipande sita, wakavigawa vitatu vitatu, wakavishona ubavu kwa ubavu, ikawa nguo moja ya kujifunga. Baadaye wafanyabiashara wakaanza kuchapisha nguo nzima. Kwa hiyo kila unapoona leso, unaona kitu ambacho babu yake alikuwa na mishono katikati.

Ng'ambo ya bahari, katika jimbo la Karnataka nchini India, wanaishi Wasidi, watu ambao wazee wao walitoka pwani ya Afrika Mashariki, wengi wakipelekwa Goa na Wareno kama watumwa, kisha wakatorokea misituni. Akina mama wa Kisidi hushona mfarishi uitwao kawandi kwa nguo kuukuu. Namna yao inanipendeza kuliko zote. Wanaanzia pembeni mwa kitambaa cha chini, wanaongeza kiraka baada ya kiraka wakipita kwa bandi, wanazunguka na kuingia ndani mpaka wanafika katikati. Kila pembe ya mfarishi huwekewa kipande kidogo kilichokunjwa kama ua. Bila maua hayo wenyewe husema mfarishi uko uchi. Na huko Alabama, Marekani, katika kijiji cha Gee's Bend, wajukuu wa watumwa wa mashamba ya pamba walishona mifarishi kwa suruali za kazi zilizochakaa, wakitafuta joto tu. Mwaka 2002 mifarishi hiyo ilitundikwa katika jumba la makumbusho la Houston, na mwaka 2006 posta ya Marekani ikaitolea stempu.

Nawataja Wasidi kwa sababu kazi yao haidai chumba. Hakuna fremu, hakuna meza, kazi iko mapajani. Mtu wa bedsita anaweza kuufanya mfarishi wa kawandi akiwa amekaa kitandani. Sisi tulikuwa na mlango wetu wa flashi, tukafanya kwa cherehani, na hapo hesabu za darasani zikaja kunisalimia. Mfarishi wa futi 5 kwa futi 7 ni inchi 60 kwa 84. Ukitumia viraka vya mraba vya inchi 6 utahitaji 10 kwa upana na 14 kwa urefu, jumla 140. Lakini kila kiraka ukate inchi 6 na nusu, kwa kuwa robo inchi inamezwa na mshono kila upande. Robo hiyo iheshimu! Ukizidisha moja ya kumi na sita tu kwenye kila mshono, kila kiraka kinapungua moja ya nane, na ukiunga viraka kumi safu yako imepungua zaidi ya inchi moja, safu nyingine haijapungua, na hazikutani tena. Tulibandika kipande cha utepe wa plasta juu ya kibati cha cherehani, robo inchi kutoka sindano, kitambaa kikawa kinafuata ukingo huo bila kubahatisha.

Vitambaa vyote viloweshwe na kuanikwa kwanza, hasa leso na vitenge, kwa sababu vinarudi na vingine vinatoa rangi. Vipanguse na kitambaa cheupe kilicholowa. Cheupe kikiwa chekundu, umeonywa. Katikati tuliweka faiba nyembamba kwa mifarishi ya kuuza na blanketi kuukuu kwa wa kwetu. Tabaka tatu zikashikizwa kwa bandi juu ya meza, kuanzia katikati kwenda nje. Kwa cherehani ni lazima hivyo, vinginevyo kitambaa kinasukumwa mpaka kinajikusanya kama ndita. Wasidi huenda kinyume na wanafanikiwa, kwa kuwa mkono unasamehe kile ambacho mashine haisamehi.

Mfarishi wa kwanza ulichukua siku tisa. Wa tano, siku nne. Mama ana daftari ambamo anaandika kila kitu: vipande, uzi, faiba, tokeni, maji, na saa alizokaa. Mwanzoni niliona kuandika saa ni kujisumbua. Lakini daftari lilionyesha kwamba mfarishi, pamoja na uzuri wake wote, unamlipa kwa saa pungufu ya sare ya shule. Ndiyo maana mifarishi inashonwa Machi na Aprili, sare zikiwa chache, ili iuzwe baridi ikianza. Novemba yetu ilikuwa mbaya, tuliandika upungufu. Desemba ikasimama sawa. Januari wateja wa sare wakaulizana mama amehamia wapi, wakapanda ngazi mpaka orofa ya pili na watoto wao, foleni ikafika kwenye ngazi, mlolongo ndani ya Mlolongo. Cherehani ya pili haikuuzwa, nami nikarudi shule kwa tarehe.

Kitu ambacho chumba bado hakina ni ovaloki. Nguo za haraka zinapelekwa kwa fundi wa stejini anayetoza kwa kila moja, na kwa mashati ya shule mama anatumia mshono wa kukunja: shona kwanza upande wa nje ukiwa nje kwa robo inchi, punguza ukingo, geuza, kisha shona tena ili ukingo ufungwe ndani. Unakula uzi mara mbili na dakika mara mbili, lakini shati halichanuki hata likifuliwa na Omo kila siku. Ovaloki ikipatikana itakaa pale penye ile ndoo ya saruji, karibu na soketi, na fito ya vyondo itahamia nyuma ya mlango. Nimeshapima.